Yah: Malalamiko kuhusu vijiti vya gundi ya moto visivyofikia kipimo kilichoandikwa

Kwa Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi wa mapambo na ukarabati mdogo wa vitu vya nyumbani, Sinza. Tunalalamikia vijiti vya gundi mnavyosambaza kwenye maduka ya Kariakoo, pakiti iliyoandikwa milimita 11. Tumevipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene): vingi vina milimita 10.3 hivi, na unene wa kijiti kimoja haulingani mwanzo hadi mwisho.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho lakini inaua bunduki ya gundi, yaani kifaa cha umeme kinachoyeyusha vijiti hivi. Ukivuta triga, kibano cha ndani hung'ata kijiti na kukisukuma kupitia mpira wa silikoni hadi panapoyeyushwa. Sehemu ya kijiti ambayo bado ni ngumu ndiyo inayosukuma gundi iliyoyeyuka itoke mdomoni, na hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya nyuma. Kijiti kikiwa chembamba, gundi hupanda nyuma kandokando yake, hujaa kwenye mpira, na umeme ukichomolewa huganda humo humo. Kesho yake triga haivutiki, mtu anailazimisha, kibano cha plastiki kinavunjika. Muuza duka analaumiwa kwa kuuza bunduki mbovu, kumbe ubovu ni wa kijiti. Bunduki iliyoganda hivyo ichomekwe kwenye umeme ipate moto dakika 5 hadi 10 kabla ya kugusa triga, na kijiti kisivutwe kwa nyuma, maana mpira utachanika. Maelezo hayo hayapo popote kwenye pakiti yenu.

Ubora wenyewe pia unatia shaka. Kijiti kizuri hupinda ukikikunja. Vyenu vinakatika kama chaki, na gundi yake ikipoa hubanduka nzima nzima hata kwenye mbao kavu isiyo na vumbi.

Halafu pakiti inasema “hubandika kila kitu”. Si kweli, na mnajua. Gundi ya aina hii haishiki vizuri ndoo na mabeseni ya plastiki laini. Kwenye kigae au chuma hupoa kabla ya kushika, mpaka pale pa kubandikia papashwe moto kwanza. Povu jeupe linalofungashiwa televisheni huyeyuka likiguswa na gundi ya nyuzi 190, linahitaji bunduki ya joto la chini, kama nyuzi 120. Na kitu kinachokaa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hapa Dar kisibandikwe kwa gundi hii kabisa, kitaachia. Mteja anayesoma “kila kitu” atapoteza vitu vyake na hela yake.

Bunduki mnazouza pamoja na vijiti zina plagi ya pini mbili za duara. Watu wanafungua soketi zetu za pini tatu kwa ncha ya kalamu ili iingie. Hilo ni hatari ya moja kwa moja, na dawa yake ni plagi ya pini tatu tu.

Tunataka mambo haya: mzigo huu uondolewe madukani, waliouziwa wabadilishiwe vijiti, na ambao bunduki zao zimevunjika kibano walipwe, pakiti mpya iandikwe kwa Kiswahili kipenyo halisi, joto la kuyeyukia, vitu isivyovishika, na onyo la kuungua. Onyo hilo liseme wazi kwamba gundi ikidondokea ngozi, mtu aweke sehemu hiyo kwenye maji ya baridi yanayotiririka na asiibandue, kwa sababu itatoka na ngozi.

Sampuli za vijiti na bunduki zilizoharibika tunazo, fundi wenu anakaribishwa kuzipima mbele yetu. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutazipeleka Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kufungua malalamiko Tume ya Ushindani.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa mapambo na ukarabati,
Sinza, Dar es Salaam.