Wito wa Harambee: Mashine ya Kutafuta Miiba Iliyozama Mwilini

Wazee wetu, akina mama, vijana na ndugu waumini mlio hapa Arua na mlio mbali, assalaamu alaykum.

Kamati imekubaliana kuita harambee ili kukinunulia kituo chetu cha afya cha ngazi ya nne mashine ya altrasaundi ya kubebeka, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, pamoja na kile kichwa bapa cha kupimia nyama zilizo karibu na ngozi. Wapo waliouliza kwa nini eksirei isitoshe. Eksirei huonyesha chuma vizuri, na vioo vingi pia, lakini mara nyingi miali yake hupita ndani ya mwiba wa mgunga au kibanzi cha mti bila kuacha alama kwenye picha. Ndipo mkulima akarudishwa nyumbani kwa kuwa picha ni safi, kidonda kikajifunga juu, na baada ya majuma kadhaa kikatunga usaha upya. Tabibu akipasua, huchokora kwa kubahatisha, na kibanzi kikikatikia ndani, mateso huanza tena. Kwenye altrasaundi kibanzi hicho huonekana kama mstari mweupe wenye kivuli chini yake, na kina chake hupimwa kabla kisu hakijashikwa.

Vijana wetu walio vyuoni walishauri tungojee mashine zinazounganisha mwanga na sauti, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell alionyesha kwamba mwanga unaokatizwa-katizwa ukipiga kitu hukifanya kitoe sauti. Leo watafiti hupeleka mwilini mwali wa leza wa muda mfupi mno. Kitu kinachoufyonza hupata joto kidogo, hutanuka, na kutoa wimbi la sauti linalonaswa juu ya ngozi. Kwa kuwa kila kitu hufyonza mwanga kwa namna yake, kitu kigeni chaweza kutofautishwa na nyama inayokizunguka. Hata hivyo mwanga huo hauendi mbali zaidi ya sentimita chache, na mashine nyingi za aina hiyo zingali katika maabara. Kamati haikuona sababu ya kungoja.

Tunalenga shilingi 18,000,000 za Uganda, yakiwemo mafunzo ya wahudumu. Mhazini atapokea michango kwa stakabadhi baada ya swala ya Ijumaa. Asiye na fedha taslimu alete kuku, mbuzi au gunia la muhogo mkavu (mwaka huu muhogo haukutunyima), navyo vitapigwa mnada uani siku hiyo hiyo, na hesabu zibandikwe ubaoni.