YAH: Malalamiko kuhusu ekseli zilizochomelewa kinyume cha makubaliano

Kwa Meneja wa Karakana,

Naandika kwa masikitiko kuhusu ekseli mbili za nyuma (mihimili inayozungusha magurudumu) nilizowaletea, za gari la zamani ninalolifufua.

Kasoro zake zilijulikana tangu siku ya kwanza. Ya kushoto sili ya oili, ile raba inayozuia oili isivuje, ilikuwa imeichimba mfereji. Ukipitisha ukucha unanasa. Ya kulia meno yanayoingia kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) yalikuwa yamejisokota. Fundi wenu alizikagua mbele yangu tukakubaliana: ya kushoto ivalishwe bushi nyembamba ili sili ipate mahali laini pa kukalia, ya kulia itupwe na mniuzie nyingine. Yote yamo kwenye hati ya kazi, nakala nimeambatisha.

Zilirudi zimepakwa rangi nyeusi, zinang'aa. Nikazifunga. Hata wiki mbili hazijaisha, oili ya difu ikawa imejaa kwenye dramu la breki la kushoto na viatu vya breki vimelowa chepechepe. Nilizichomoa zote nikazipiga msasa. Bushi hakuna. Mmejaza mfereji kwa kuchomelea, kisha mkakereza, na vitundu vya welding bado vinaonekana pale pale sili inapokaa. Ya kulia ni ileile yangu: nimeitambua kwa alama ya patasi niliyoigonga mwenyewe kwenye flanji, ile sahani ya mwisho inayofungiwa gurudumu. Meno yake mmeyapitisha tupa tu.

Oili ningeivumilia. Kinachoniuma ni hatari. Uso wa ekseli hugumishwa kwa joto kiwandani. Mkichomelea mnauua ugumu huo, na pembeni mwa welding chuma huwa kikavu, yaani rahisi kuvunjika, nyufa zikaanzia hapo. Meno yakishajisokota, chuma kimeshachoka, hakuna tupa ya kukirudisha. Na kwa difu ya gari hili, gurudumu limefungwa kwenye ekseli yenyewe. Ikikatika barabarani, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na dramu lake. Nilikuwa nimempakia mwanangu ndani ya gari hilo.

Naomba mnirudishie fedha zote za kazi hiyo, pamoja na gharama ya sili na viatu vya breki vilivyoharibika, ndani ya siku 14. Kuzirekebisha tena sitaki. Pia wapigieni wateja wengine waliochomelewa ekseli kwenu, kabla hawajasafiri nazo.

Ekseli zote mbili ninazo, kama nilivyozichomoa. Mtumeni mtu aje azione.

Mteja wenu