Barua ya malalamiko: mtoto wetu si yatima, ondoeni picha yake

Mkurugenzi,
Kampuni ya kupokea wageni wa kujitolea,
Arusha.

YAH: MALALAMIKO YA KUMTANGAZA MTOTO WETU KUWA YATIMA NA KUUZA SAFARI ZA KUKAA NA WATOTO WA VITUONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni shangazi wa mtoto wa kiume wa miaka saba ambaye picha yake mmeiweka kwenye tovuti yenu, juu ya tangazo la kuwaalika vijana wa Ulaya na Marekani waje Moshi kulea yatima kwa wiki mbili. Naandika kwa idhini ya wazazi wake. Wote wawili wako hai. Baba yake, ambaye ni kaka yangu, ni fundi cherehani, na mama yake anauza ndizi soko la Mbuyuni, mahali ambapo wageni wenu hupita kila siku.

Mtoto alipelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto baada ya baba yake kupata ajali ya bodaboda na kukaa muda mrefu bila kuweza kukanyaga pedeli. Mtu wa kituo alifika nyumbani akaahidi chakula, sare na shule ya mchepuo wa Kiingereza mpaka hali itengemae. Kaka alikubali, na mzazi yeyote aliyebanwa vile angekubali. Sasa mguu umepona na cherehani inafanya kazi. Wazazi wameenda kuomba warudishiwe mtoto wao, wameenda tena, na jibu ni lile lile: subirini wageni waondoke.

Desemba iliyopita ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mnafanya kazi Kilimanjaro, hamwezi kusema hamjui Krismasi ni nini kwa Mchaga. Mabasi ya kutoka Dar yanajaa, watu wanapanda Rombo, Marangu, Kibosho, Machame, mbuzi anachinjwa, na mtoto anaoneshwa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu yake na makaburi ya wazee wake. Bibi yake alimsubiri. Kituo kilikataa kumtoa kwa sababu kundi lenu la wageni lilikuwa limeshalipia sherehe ya Krismasi na watoto, na watoto walitakiwa wawepo wote. Mtoto mwenye bibi, mashangazi na binamu tele mgombani alibaki mjini akiwaimbia watu ambao siku chache baadaye walipanda ndege wakaenda zao.

Najua mtajibu kwamba kituo si chenu. Lakini wageni ni wenu, na kituo kinalipwa kwa kila mgeni mnayempeleka. Kwa mpango huo, mtoto akirudi kwao kituo kinakosa fedha, kwa hiyo harudi. Fedha anayowalipa mgeni mmoja kwa wiki mbili ingemlipia kaka yangu kodi ya fremu yake kwa miezi mingi, na mtoto asingetoka nyumbani hata siku moja.

Yanayotokea hapa yameshaonekana kwingine. Nchini Nepal, UNICEF ilisema zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanaoishi vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Majirani zetu Kenya walisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto tangu Novemba 2017. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi zizuie madhara ya kazi za kujitolea katika vituo vya yatima, zikiwemo zile zinazofanywa kama utalii. Ninyi mko kwenye biashara hii kila siku, kwa hiyo nategemea mnayafahamu haya kuliko mimi.

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na kuna jambo ninaloliona kwa mwanetu linalonitisha. Anampandia mapajani mtu asiyemjua hata jina. Wageni wenu humpiga picha wakiamini ni upendo. Huyo ni mtoto aliyezoea kuachwa, kwa sababu kila anayemfulia, kumlisha na kumsomea hadithi huondoka wiki ya pili, akaja mwingine. Aliye tayari kumfuata mgeni yeyote ni rahisi sana kudhuriwa. Na fomu yenu inamuuliza mwombaji saizi ya fulana na chakula anachokula, lakini haimwombi cheti cha polisi. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma aliyewadhalilisha kingono watoto wa kituo cha Nairobi alikokwenda kujitolea. Huko kwao wageni wenu, nani anaruhusiwa kuingia shuleni kumwogesha mtoto wa mwenzake bila kuchunguzwa?

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi. Kaka yangu hakuombwa ridhaa wala hakusaini chochote. Pia mnawaambia wageni waingie kwa viza ya utalii, ambayo hairuhusu kazi, hata ya kujitolea.

Tunataka picha hiyo iondolewe mara moja kwenye tovuti na kwenye matangazo yenu yote, na mtuthibitishie kwa maandishi. Tunataka mkiandikie kituo kwamba hamtapeleka tena kundi lolote kukaa na watoto, na kwamba mtoto yeyote anayeombwa na wazazi wake asizuiwe kwa ajili ya wageni wenu. Sisi tumeshafungua shauri la mtoto wetu kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Kama mna nia ya kusaidia watoto, yeye atawaeleza utaratibu wa familia za kuaminika, yaani zinazompokea mtoto kwa muda badala ya kituo, na namna ya kuzisaidia kaya kabla mtoto hajaondolewa. Wageni wanaotaka kujitolea wana kazi nyingi za kufanya hapa Moshi zisizowahitaji kulala karibu na watoto wa watu.

Tunasubiri majibu yenu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, tutapeleka malalamiko rasmi kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Idara ya Uhamiaji.

Shangazi wa mtoto, kwa niaba ya wazazi wake,
Moshi.

Nakala:
Afisa Ustawi wa Jamii, Manispaa ya Moshi
Mwenyekiti wa Mtaa