Barua kwa mpwa wangu mfinyanzi: bakuli lisilo na jina

Mpwa wangu mpendwa,

Uliponiandikia kwamba unakusudia kuchora jina lako chini ya kila bakuli, ili wanunuzi wakufahamu, nilimfikiria Hamada Shoji, mfinyanzi wa Japani aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye baada ya kuhamia Mashiko hakuwa na desturi ya kutia sahihi kwenye vyombo vyake.

Si kwamba alikosa sifa za kujivunia. Alisomea ufinyanzi Tokyo, akafanyia kazi rangi za vyombo Kyoto, na mwaka 1920 akafuatana na mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach hadi St Ives, Uingereza, ambako walijenga tanuri na karakana. Aliporejea Japani alichagua kuishi Mashiko, kaskazini mwa Tokyo, ambako wafinyanzi walitengeneza mitungi ya maji, mabirika ya chai na mabakuli ya kusagia viungo kwa ajili ya majiko ya watu wa kawaida.

Huko alitumia kilichokuwapo. Udongo wa Mashiko una chembe nene, haukubali kufinyangwa mwembamba sana, na kwa maoni yangu ukaidi huo ndio uliovipa vyombo vyake unene unaoshikika vizuri mkononi. Jiwe la huko huko, likishasagwa na kupakwa, lilitoa hudhurungi iliyokolea wekundu. Majivu ya pumba za mpunga yalitoa weupe. Rangi nyingine aliimwaga kwa upawa, mara moja, bila kurudia. Husimuliwa kwamba mgeni mmoja alishangaa pambo linalochukua sekunde 15 kuuzwa ghali, naye Hamada akamjibu kwamba lilichukua miaka 60 na sekunde 15.

Ghali, naam, hapo ndipo ninapotatizika. Mwaka 1955 serikali ilimtangaza kuwa Hazina Hai ya Taifa, heshima wanayopewa mafundi stadi wa sanaa za jadi, na sahani zilizofaa kupakuliwa wali zikaingia kwenye makabati ya vioo. Hata sahihi ilirudi kwa mlango wa nyuma, kwani aliiandika kwenye kisanduku cha mbao cha kuhifadhia chombo. Sifa haikwepeki kirahisi, lakini walau kitako cha bakuli kilibaki kitupu.

Kwa hiyo jina liandike kwenye risiti. Ukinitumia bakuli nitalitilia mchuzi siku hiyo hiyo, na likivuja au likiniunguza vidole nitakuambia bila kukuficha, maana hilo ndilo ninalotaka kulijua kwanza.

Mjomba wako