Ng'ombe akitupa mimba, mbwa wasiguse

Wafugaji wa Nzega na Igunga, habari za asubuhi. Ng'ombe akitupa mimba ya miezi mitano au sita, msikimbilie kusema ni jicho la mtu. Kuna kimelea kiitwacho Neospora: mbwa hula kondo la nyuma, kisha kinyesi chake huchafua malisho na maji. Jike humwambukiza ndama tumboni, naye mwenyewe anaonekana mzima kabisa.

Kijusi na kondo vifungwe kwenye mfuko, vikae kwenye ubaridi, afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Damu ya mama ipimwe pia, ila peke yake inaonyesha tu kwamba aliwahi kuambukizwa. Maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) ipo Tabora mjini. Glovu lazima, huenda ikawa brusela, ugonjwa mwingine wa kutupa mimba, na huo hutuambukiza sisi watu pia. Wenye mbuzi, angalieni paka kwenye ghala la chakula cha mifugo: kinyesi chao hueneza kimelea kingine, Toxoplasma, kinachofanya mbuzi watupe mimba.