Mombo hadi Lushoto na mzigo: tuletee baiskeli siku nne kabla

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33 tu. Kwa basi usingizi haujakolea umeshafika. Kwa baiskeli yenye mabegi ni nusu siku, maana unapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona.

Wengi wanaokuja karakana kwetu huulizia tairi. Sisi tunaanza kuhesabu meno ya gia. Meno 34 mbele na 28 nyuma, bila mzigo utapanda. Ukibeba kilo 20, magoti yatalia kabla hujauona mji wa Soni, ulio njiani. Gia ndogo ya mbele iwe na meno machache kuliko gia kubwa ya nyuma, tuseme 24 kwa 34. Utakwenda taratibu hadi watoto wanaotoka shule wakupite wakicheka. Waache wacheke.

Na usirundike kila kitu kwenye keria. Mbele kukiwa kwepesi, usukani unayumba mlimani, na uzito wote unaangukia spoku za nyuma. Ndizo zinazokatika, mara nyingi za upande wa gia, na huibadilishi spoku hiyo bila kufungua gia kwanza. Vizito viwe chini, vingine viende mbele. Mzani wa gunia tunao: mteja mmoja alifikisha kilo 31, jiko la mkaa likiwemo. Jiko likabaki kwetu.

Mazoezi? Kilima chochote cha karibu, ila upande na mzigo uleule utakaosafiri nao.

Kinachotutisha zaidi ni kurudi. Raba za breki hubana rimu. Ukizishikilia mfululizo rimu inachemka, na tyubu yaweza kupasuka ukiwa katikati ya kona, nyuma yako fuso la kabichi. Bana, achia, mbele na nyuma kwa zamu. Zikipata moto, simama zipoe. Raba zilizolika na waya zilizochanika tunabadilisha hata kama hukuuliza. Tutakuonyesha za zamani ujionee.

Kwa nini siku nne? Gurudumu lililofungwa spoku mpya hulegea kidogo mwanzoni. Tunataka uliendeshe kwanza hapa tambarare, na mabegi yako, kisha ulirudishe tulikaze upya. Anayekuja saa kumi na mbili asubuhi mzigo umeshafungwa, tunachoweza kumfanyia ni kumjazia upepo.