Kanuni ya Salim na vyuo vya Marekani

Boston, 14 Septemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Unaniuliza kama kanuni ya mwanao Salim, ile ala ya nyuzi anayopiga, inaweza kumsaidia kuingia Harvard au Yale, au aiache ajifunze piano kama mlivyoshauriwa. Tafadhali asiiache! Wapiga piano na fidla wanaoomba huku ni wengi, na walianza wangali wadogo. Akianza leo atawakuta wapi?

Vyuo hivi hutazama masomo kwanza. Alama zikiwa dhaifu, hakuna ala itakayomwokoa. Ila wenye alama nzuri wamejaa tele, na Harvard huchukua wasiofika watano katika kila mia, kwa hiyo hapo ndipo muziki unapopata uzito. Kesi kuhusu namna Harvard inavyochagua wanafunzi, iliyosikilizwa hapa Boston mwaka 2018, ilifichua mengi: mwombaji hupimwa masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na hulka yake. Muziki umo kwenye hizo shughuli. Lakini mwanamuziki hana nguvu ya mwanamichezo, maana kocha hupeleka majina ya anaowataka, na mwalimu wa muziki wa chuo husikiliza rekodi akatoa maoni, basi.

Kutuma rekodi si lazima, na Yale huwaambia waombaji wengi kwamba hawana haja nayo. Upigaji wa kawaida haumwongezei mtu kitu. Salim lakini nimemsikia mwenyewe kwenye harusi ya binamu yake: mkono wa kushoto unageuza vile vishikizo vya pembeni katikati ya taksim, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, na wa kulia hausimami hata kidogo. Hicho ni kipaji, Mwanaidi, na nasema kwa moyo wangu wote. Mrekodini mahali patulivu, akiwa peke yake, vidole na pete zake za kupigia zionekane vizuri.

Msichanganye mambo na shule za muziki kama Juilliard, ambako kupiga mbele ya walimu ndiko kunakoamua. Salim anataka uhandisi, na MIT, chuo cha teknolojia, nacho hupokea rekodi za muziki bila kumlazimisha mtu kusomea muziki.

Jambo la ada ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Vyuo vya Ivy League, lile kundi la vyuo vinane lenye Harvard, Yale na Princeton, havitoi ufadhili kwa sababu ya kipaji, hata kiwe kikubwa vipi. Msaada hufuata kipato cha wazazi. Harvard, Yale, Princeton na MIT humpokea hata mwanafunzi wa nje bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, kisha hufidia pale familia isipofika kwa hesabu yao. Basi wewe na baba Salim anzeni sasa kukusanya karatasi za mshahara na za duka.

Mwalimu wake wa kanuni naye aandike barua, aeleze anavyomwona kijana akijifunza, si sifa tupu. Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari. Rekodi ikiwa tayari, nitumie mimi kwanza niisikilize.

Wako akupendaye,
Zuhura